Mwenye Nyumba kwa Siku Saba

Mwaka wa pili baada ya kustaafu ualimu nilinunua nyumba ya ufukweni karibu na Kigombe. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Kusema kweli nilinunua wiki moja ya nyumba ya ufukweni, na tofauti ya sentensi hizo mbili ilinichukua karibu mwaka mzima kuielewa.

Ilianza kwa simu. Sauti ya binti, laini na yenye adabu, iliniambia kwamba mimi na mwenzangu tumechaguliwa kula chakula cha mchana bure kwenye hoteli moja kule Raskazone. Tungetakiwa tu kusikiliza maelezo mafupi kuhusu mpango wa likizo.

"Kakuchagua nani?" aliuliza mke wangu nilipomweleza.

Mke wangu ni muuguzi mstaafu, na miaka aliyokaa wodini imemfanya asiamini jambo mpaka alione limeandikwa kwenye faili.

"Hoteli," nikasema.

"Hoteli inakujua?"

"Kwani mimi si mtu wa kujulikana?"

Lakini siku ilipofika alitoa baibui lake la sikukuu kabatini, nami nikajua kwamba hata yeye chakula cha bure hakikumchukiza.

Tulifika saa sita kamili. Tukapelekwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, meza ndogondogo, na kila meza ina wanandoa wa umri wetu na kijana mmoja aliyefunga tai. Kijana wetu alikuwa na tabasamu zuri na kalamu mbili mfukoni. Alituamkia shikamoo kila mmoja peke yake, akaniita "mzee wangu", na tangu hapo sikuwahi tena kuitwa jina lingine. Alituonyesha video ya bahari. Mimi na mke wangu tumezaliwa tukiiona bahari ile ile, lakini kwenye video ilikuwa na muziki, tukaitazama kama wageni.

"Mzee wangu," akasema, "mara ya mwisho kwenda likizo ilikuwa lini?"

Nikamwambia kwamba tangu nistaafu niko likizo kila siku.

Akacheka kwa heshima. "Hiyo si likizo, mzee wangu. Hiyo ni kukaa nyumbani."

Sentensi ile iliniingia. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja, nikawapeleka wanafunzi kuona mapango, mito na mashamba ya mkonge, lakini mimi mwenyewe sijawahi kulala mahali kwa sababu tu mahali penyewe pazuri. Kijana aliiona sura yangu, akavuta kiti karibu.

Maelezo mafupi yalianza saa sita na nusu. Saa nane yalikuwa yanaendelea. Wakati huo huo jikoni kulikuwa na mtu anakaanga kamba kwa kitunguu saumu, na kila mhudumu alipofungua mlango harufu iliingia ukumbini, ikapita meza moja moja, ikafika kwetu. Ukiniuliza leo ni nini kilichonifanya nisaini, nitakwambia kwamba maneno ya kijana yalifanya nusu ya kazi na kamba wakafanya nusu.

Sitaki kumsingizia yule kijana. Alisema yote. Alisema wiki moja kila mwaka, kwa miaka ishirini na mitano. Alisema vyumba vitatu. Alisema mkataba. Lakini alisema pia neno "umiliki", na alilisema mara nyingi, tena akinitazama mimi machoni. Neno "wiki" alilisema akitazama karatasi. Masikio yangu yakachukua moja, yakaacha lingine.

"Tukasome nyumbani kwanza," mke wangu alinong'ona.

"Bei hii ni ya leo tu, mama yangu," kijana akasema. "Kesho sitakuwa na uwezo nayo."

Nilitoa sehemu ya kiinua mgongo changu nikasaini. Mke wangu naye akasaini, polepole, kama anayejaza fomu ya mgonjwa aliyechelewa kuletwa. Halafu tukala. Kamba walikuwa watamu, hilo sitalikana.

Siku mbili baadaye nilikwenda kunyoa Ngamiani, kwa kinyozi ninayemwendea tangu nikiwa mwalimu mpya. Kwenye benchi lake hukaa watu wanne watano ambao hawanyoi. Kinyozi akaniuliza habari, nami nikajibu kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini ambayo mtu huitumia akitaka kusikika na wote.

"Tumepata kijumba kule Kigombe. Pembeni ya bahari."

Nilisema "kijumba" ili nionekane sijivuni. Benchi zima likageuka. Niliulizwa vyumba vingapi, nikasema vitatu. Nikaulizwa kama kuna umeme na maji, nikasema vyote vipo, na bwawa la kuogelea lipo. Hapo hakuna uongo hata mmoja. Kabla sijafutwa nywele shingoni nilikuwa nimeshaitwa tajiri. Ijumaa, baada ya sala, mtu mmoja alinishika mkono akanipongeza kwa kufungua hoteli, nami nikasema alhamdulillahi, nikapita.

Habari zikamfikia dada yangu.

Dada yangu amenipita miaka sita. Anaishi Ngamiani katika nyumba aliyotuachia baba yetu, na kila siku alasiri hukaanga visheti vinavyonunuliwa hadi na watu wanaotoka upande mwingine wa mji kwa baiskeli. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mke wa pili wa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mpaka mume alipofariki. Watoto wake wote wako mbali. Yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipokuwa anaumwa, na mpaka leo hajaacha.

Alikuja kwangu asubuhi na utepe wa kupimia nguo shingoni.

"Madirisha mangapi?" akauliza kabla hajakaa.

"Ya wapi, dada?"

"Ya nyumba. Nina kitambaa cha mapazia kimekaa sandukuni tangu enzi za marehemu."

Sikujua madirisha ni mangapi. Nikasema yana mapazia tayari.

"Basi nipe ufunguo, nikaone mwenyewe."

"Funguo ziko kwa msimamizi."

"Zote?"

"Zote."

Akavuta kiti, akakaa. "Mdogo wangu, mwenye nyumba asiye na ufunguo ni mwenye nyumba gani?"

Hapo ndipo ningemwambia. Mke wangu alikuwa mlangoni amekunja mikono, akinisubiri niseme. Badala yake nikasema huo ndio utaratibu wa kisasa. Dada akakubali, kwa sababu neno "kisasa" humchosha. Lakini wiki iliyofuata akaleta miche mitatu ya minazi, ile mifupi inayozaa mapema, tuipande mbele ya nyumba. Wiki iliyofuata tena akasema kabati la mama, lile zito la mninga linalomziba njia ukumbini kwake, litakaa vizuri kule. Halafu akasema mjukuu wake ameposwa, na arusi itafanyika baharini, watu mia mbili hivi, na wengine watalala.

"Tutaangalia," nikasema.

Mke wangu aliposikia "tutaangalia" aliingia chumbani akatoka na bahasha ya mkataba. Ilikuwa bado imefungwa na gundi yake. Akavaa miwani, akakaa mezani, akamwambia dada, "Wifi, kaa. Tusome wote."

Mchana ule sitausahau. Dada alikaa kushoto na mimi kulia, na mke wangu katikati akisoma kwa sauti aliyokuwa akisomea maelekezo ya dawa.

Jambo la kwanza: hatukununua nyumba wala kiwanja. Tulinunua haki ya kukaa katika nyumba ile siku saba kwa mwaka. Udongo si wetu, kuta si zetu, na miaka ishirini na mitano ikiisha, haki nayo inaisha.

Dada akanigeukia.

La pili: wakaaji wasizidi sita. Mke wangu akarudia mara mbili, kwa ajili ya arusi.

La tatu: hairuhusiwi kujenga, kuchimba, kupanda mti, wala kuleta samani.

"Samani ni nini?" dada akauliza.

"Kabati," mke wangu akasema.

La nne lilikuwa ada ya matunzo. Kila mwaka tulitakiwa kulipa, twende tusiende. Hilo nilikuwa nimelisikia pale hotelini, lakini nilidhani ni kwa watakaokwenda tu, kama nauli.

Halafu mke wangu akafika kwenye ukurasa wenye namba ya wiki yetu. Ilikuwa wiki ya kumi na saba. Akanyanyuka, akaenda kwenye kalenda iliyotundikwa mlango wa jikoni, akaanza kuhesabu wiki kwa kidole kutoka Januari. Alihesabu taratibu. Kidole kikashuka Februari, kikashuka Machi, kikaingia Aprili, kikaendelea. Kilisimama karibu na mwisho wa mwezi.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu tuoane. "Pwani ya kaskazini, mwishoni mwa mwezi wa nne, kuna nini?"

Nimelifundisha swali hilo miaka thelathini na moja. Nimelitunga kwenye mitihani. Nimewahi kumpa mtoto sifuri kwa kulikosa.

"Masika," nikasema.

Dada alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka akashika meza, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaanza tena. Mke wangu alijitahidi kujizuia, akashindwa. Mimi nilikaa nikitazama kalenda. Ilikuwa na picha ya bahari tulivu na jua.

Dada alipotulia, akauliza jambo ambalo hata mkataba haukulifikiria sana. "Hii wiki inarithiwa?"

Mke wangu akatafuta. Inarithiwa, ndani ya miaka ile ishirini na mitano.

"Basi tugawe," dada akasema. "Mna watoto wa kiume wawili, wa kike watatu. Wa kiume siku mbili mbili, hizo nne. Wa kike siku moja moja, hizo tatu. Saba kamili. Tazama jinsi Mungu alivyopanga."

"Na mimi thumuni yangu?" mke wangu akauliza.

Kweli, mjane huchukua thumuni yake kwanza, sehemu moja ya nane. Tukachukua kalamu. Siku saba ni saa mia moja sitini na nane. Thumuni yake ni saa ishirini na moja. Mke wangu akasema hazimtoshi hata kufua mashuka. Dada naye akagundua kwamba kwa kuwa nina watoto wa kiume yeye hapati hata dakika moja, akasema si neno.

Siku iliyofuata nilimpigia yule kijana wa tai. Nilikuwa na imani moja iliyobaki: kwamba nikichoka naweza kuirudisha kwa kampuni wakanirudishia changu. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya mama. Nilipomwambia nia yangu alihuzunika kweli.

"Kampuni hainunui, mzee wangu. Lakini una uhuru kamili wa kumuuzia mtu yeyote utakayempata."

Nikaenda kwa kinyozi na uhuru wangu kamili. Ilibidi nieleze kinachouzwa, na ili nieleze ilibidi niseme ukweli. Benchi lilisikiliza lote. Mwisho kinyozi akasimamisha mkasi.

"Na zile wiki nyingine ni za nani?"

"Za wengine."

"Unawajua?"

"Siwajui."

Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake bila kusema zaidi, na jambo hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Kufikia mwisho wa wiki mji ulikuwa umegeuza kauli. Kwanza nilikuwa na hoteli. Sasa nilikuwa nimetapeliwa. Watu walinisalimia kwa sauti ya msibani. Mmoja akanishika bega akaniambia kwamba hata yeye aliwahi kuuziwa boksi la simu lenye kipande cha sabuni ndani. Wakasema Kigombe hakuna nyumba kama hiyo, ni picha tu zilizochukuliwa nchi nyingine. Nikajikuta natetea mkataba niliotaka kuuza: hapana, nyumba ipo, karatasi ni halali, nilichosaini ndicho nilichopewa. Hakuna aliyetaka kusikia. Walipokuwa wanadhani nina nyumba waliniamini bila ushahidi, na walipodhani nimeibiwa waliamini vilevile bila ushahidi.

"Twende tukaione," mke wangu akasema Aprili ilipofika. "Ada tumeshalipa."

Dada alisema anakuja. Kabati lilibaki baada ya mabishano ya siku mbili. Miche ya minazi aliniambia ameigawa.

Mkataba ulisema tuingie Jumamosi saa nane mchana. Dada alikuwa kwangu saa kumi na mbili asubuhi, amekaa na kikapu chake cha visheti. Alisema hajawahi kuona mtu anapangiwa saa ya kuingia kwake. Tukaondoka kwa gari la kukodi huku mvua inanyesha, tukapita barabara ya Pangani polepole, na saa tatu asubuhi tukawa mbele ya geti.

Nyumba ilikuwepo. Nataka niliseme hilo wazi kwa ajili ya watu wa kwenye benchi. Ilikuwa nzuri, nyeupe, ina kibaraza kipana na bahari chini yake, japo siku hiyo bahari na mbingu vilikuwa rangi moja. Nilikuwa bado natafuta mwavuli dada aliposhuka, akapita getini, akapanda ngazi, akaingia ndani. Nilimkuta jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya mama mmoja wa makamo aliyeshika mwiko, na mezani kulikuwa na mzee mwenye sweta anakunywa chai.

"Mnapika nini nyumbani kwetu?" dada alikuwa anauliza.

Yule mama akamtazama, akatazama sufuria, akatazama mumewe. "Viazi," akasema. "Lakini hapa ni kwetu, mama."

"Kwenu wapi?"

"Hapa. Tunayo karatasi."

"Hata sisi tunayo."

Mzee mwenye sweta akasimama, akatusalimia kwa utaratibu, akajieleza. Walikuwa wakulima wa mboga kutoka Lushoto. Wiki ya kumi na sita ilikuwa yao, na kwa mujibu wa mkataba walikuwa na haki ya kukaa mpaka saa nne. Wao nao waliitwa kwa simu, wao nao walikula kamba. Mzee akasema, bila kuulizwa, kwamba kanisani kwao alikuwa ametangaza kwamba amepata nyumba pwani, na kwaya ilikuwa imeanza kuchanga nauli.

"Watu wangapi?" mke wangu akauliza.

"Arobaini na watatu," mzee akasema, akatazama chini.

Nilimpenda papo hapo.

Wakati huo msimamizi akaingia kwa mlango wa nyuma, amelowa. Alikuwa mtu wa Kigombe, mtulivu, mwenye shada la funguo kiunoni. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye khanga ya dada, mahali ilipofura.

"Bibi," akasema kwa upole, "ni miche ya nini?"

Dada akatoa mche wa kwanza, akatoa wa pili, akatoa wa tatu. Mke wangu akafumba macho.

"Njooni niwaonyeshe," msimamizi akasema.

Alitupeleka nyuma ya jiko, chini ya paa la makuti. Palikuwa na makopo, ndoo zilizopasuka na mifuko ya sandarusi, na katika kila kimoja kulikuwa na mche. Miembe, michungwa, mikorosho, minazi, mkarafuu mmoja, miparachichi mitano. Kila mwenye wiki, alieleza, huja na mche wake na kuupanda akidhani haonekani. Akigeuka tu, msimamizi huung'oa na kuuweka pale, kwa sababu kutupa mti anaona ni dhambi. Mzee wa Lushoto akasogea kwenye ndoo moja, akagusa jani la mparachichi mchanga.

"Huu niliupanda juzi," akasema.

"Nimeutoa jana, mzee. Samahani."

"Hapana, umefanya vizuri. Umeumwagilia?"

"Mvua imeumwagilia."

Dada hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amesimama akiyatazama yale makopo, midomo inahesabu. Halafu akamgeukia msimamizi.

"Kwa hiyo mwenye wiki akiondoka, mwingine anaingia."

"Ndiyo."

"Na akiondoka huyo, mwingine."

"Ndiyo, bibi. Mpaka mwaka uzunguke."

"Kumbe ni zamu," dada akasema.

Alilisema kwa namna ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Tukarudi kibarazani, akakaa kwenye kiti kikubwa, akatueleza wote jambo ambalo kijana wa tai, mkataba na mimi mwalimu tulishindwa kulieleza.

"Mimi nimeishi kwa zamu miaka ishirini na minane," akasema. "Nyumba hii ndiyo mume. Sisi ndio wake, hamsini na wawili."

"Hamsini na mmoja, bibi," msimamizi akasema. "Kuna wiki moja ya kupaka rangi."

"Basi hata mume anapumzika, vizuri. Sasa sikilizeni. Zamu ina adabu zake. Huachi vitu vyako, maana anayekuja atavisogeza na utachukia. Huulizi jana kulikuwa na nini. Hulalamiki kwamba mwenzio kapata siku nzuri na wewe umepata mvua, kwa sababu ulikubali. Na kubwa kuliko yote, huji kabla ya zamu yako." Akamgeukia mama wa Lushoto. "Mimi leo nimekuja kabla, tena nimefunua sufuria lako. Nisamehe, mwenzangu."

Mama wa Lushoto alifikiri kidogo. "Kwetu Walutheri hatuna hayo mambo," akasema, "lakini nimekuelewa vizuri sana. Kaeni, mle viazi."

Tukala viazi, na visheti vya dada juu yake, huku mvua inapiga. Saa nne ilifika ikapita. Msimamizi alitandua vitanda akatuzunguka kama maji, hakumfukuza mtu. Wakulima wale waliondoka saa saba, na mzee alibeba mparachichi wake ndani ya ndoo.

Wiki yetu ilinyesha siku sita. Siku ya saba jua lilitoka asubuhi, tukaanika nguo, tukaondoka. Bwawa la kuogelea tulilitazama dirishani. Lilikuwa linajaa lenyewe. Lakini nitasema na hili, kwa sababu nalo ni kweli: sijawahi kulala kama nilivyolala kule. Mke wangu alisoma magazeti ya zamani yote aliyokuta sebuleni. Dada alimfundisha msimamizi kukaanga visheti, naye akatuletea pweza na bada, ugali wa muhogo aliopika mkewe. Jioni moja dada alinisimulia mambo ya mama yetu ambayo hakuwahi kuyasema, kwa sababu kule Ngamiani kila akikaa mtu hubisha hodi kununua kitu.

Tuliporudi mjini nilijaribu kubadilishana. Huo ulikuwa uvumi mwingine nilioushikilia: kwamba wiki yako ukiibadilisha unaweza kupata popote utakapo. Unaweza, ni kweli, kwa ada nyingine, na kama kuna mtu anayetaka yako. Waliotaka wiki ya kumi na saba walikuwa wenye wiki ya kumi na nane.

Basi nikakaa nikifikiri njia za kuachana nayo, na ndipo dada alipokuja tena asubuhi, safari hii bila utepe. Alikuwa ameshika ukurasa wa mkataba. Sijui aliuchukua lini.

"Hapa pameandikwa mwenye wiki anaweza kumwandikisha ndugu yake achukue nafasi yake."

"Pameandikwa."

"Mirathi sipati. Niandikishe ningali hai, na wewe ungali hai."

Nikamkumbusha kuhusu mvua. Nikamkumbusha ada ya kila mwaka, na kwamba asipokwenda atalipa vilevile. Nikamkumbusha kwamba haiuziki. Nilimweleza kila jambo ambalo mimi mwenyewe nilitakiwa kuelezwa kabla ya kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi visheti wakati wa masika havinunuliki. Na sijawahi maisha yangu kuwa na mahali ambapo kwa siku saba ni pangu peke yangu na hakuna wa kuniuliza."

Tulijaza fomu. Alisaini haraka, kwa herufi kubwa. Kinyozi aliposikia aliniuliza kama ni kweli nimempa dada yangu matatizo yangu, na kabla sijajibu, mtu mmoja kwenye benchi akasema hapana, bibi yule kanunua kisiwa.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza alitualika mimi na mke wangu, akatupa chumba kidogo, akatusomea masharti getini. Safari hii amepeleka wanawake watano wa mtaani kwake, wajane watupu, na mmoja wao hajawahi kulala nje ya Ngamiani tangu aolewe. Sita kamili, kama karatasi inavyotaka. Mke wangu alipompigia kuuliza kama kuna hata nafasi ya mkeka, dada alimjibu kwamba anasikitika sana, wifi, hatumo kwenye orodha.

Mvua inanyesha tangu juzi. Mke wangu amechemsha chai, tumekaa barazani kwetu tunatazama maji yakipita mtaroni, na kila baada ya muda anauliza kule watakuwa wanafanya nini.